Joto la kaskazi na vinywaji vya watoto: acha tunda lifanye kazi ya sukari

Kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa kaskazi ukishaingia, Dar es Salaam haina tena asubuhi ya ubaridi. Saa tatu tu jua linachoma, unyevunyevu wa hewani unafanya jasho lisikauke mwilini, na watoto walio likizo hawataki kukaa ndani. Kila baada ya muda mfupi mmoja anaingia mbio akiuliza kama kuna kitu cha baridi. Duka la jirani lina jibu la haraka: soda, juisi za boksi, na zile za unga zenye rangi kali zinazokorogwa kwenye maji. Wazazi wengi tunaojali afya ya watoto tunaamua kutengeneza wenyewe nyumbani. Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze, kwa sababu juisi ya nyumbani nayo inaweza kuwa na sukari kuliko hiyo soda tunayoikimbia.

Piga hesabu hii. Soda nyingi za kola zina gramu 10 hadi 11 za sukari kwenye kila mililita 100, yaani zaidi kidogo ya gramu 100 kwa lita. Sasa angalia ukwaju wetu: jagi la lita mbili, robo kilo ya sukari, na wapo wanaoonja wakaongeza. Robo kilo kwenye lita mbili ni gramu 125 kwa lita. Tumeipita soda, na glasi tunampa mtoto kwa moyo mweupe tukiamini tumempa tunda.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri kwamba sukari tunayoongeza kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na ya juisi iliyokamuliwa, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Mtoto wa miaka mitano au sita anayehitaji kalori kama 1,500 kwa siku, asilimia 10 yake ni takriban gramu 37, ambazo ni vijiko tisa vya chai. Glasi moja ya mililita 250 ya ule ukwaju wa robo kilo ina gramu 31 za sukari ya kumimina peke yake. Akinywa glasi mbili kabla ya chakula cha mchana, ameshamaliza kiwango chake na kukipita, bado hajagusa chai ya jioni.

Kwa hiyo mimi nyumbani kwangu kanuni ni moja, na kila ninachoandika hapa chini kinatoka humo: utamu wa kinywaji utoke kwenye tunda, kwa kulijua tunda lenyewe, lini limeiva na linapatana na lipi. Kopo la sukari liwe la mwisho kufunguliwa, na siku nyingi lisifunguliwe.

Lakini kwanza maji

Kiu ya mtoto anayecheza juani inataka maji. Juisi naihesabu kama chakula, na ninaitoa pamoja na chakula. Mtoto akiingia anahema, anapewa kikombe cha maji kwanza. Akimaliza, mara nyingi hata haulizi tena juisi, kwa sababu alichokuwa anakitafuta alishakipata.

Maji yenyewe yawe salama, maana msimu huu, na mvua zinapoanza, ndio wakati wa matumbo kuharibika. Ukichemsha, subiri yachemke kwa mapovu makubwa, na yaendelee hivyo dakika moja nzima. Mlioko maeneo ya juu sana, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari kama kule Kitulo, yapeni dakika tatu, kwa sababu huko maji huchemka kabla hayajafikia joto kamili. Yapoe yakiwa yamefunikwa. Na jambo hili nalisisitiza: kugandisha hakuui vijidudu. Wengi tunachemsha maji ya kunywa kwa uangalifu mkubwa, halafu tunadumbukiza barafu iliyotengenezwa kwa maji ya bomba. Barafu ya mtoto itoke kwenye maji yaleyale yaliyochemshwa. Yale mabonge ya barafu ya Feri, ya kuhifadhia samaki, yasikaribie jagi kabisa.

Kama huna friji, au umeme wa mtaani kwenu ni wa kukatika, mtungi wa udongo bado unafanya kazi. Maji yanapenya taratibu kwenye udongo, yanakauka kwa nje, na yanapokauka yanaondoka na joto. Ndiyo maana mtungi wa Dodoma, kwenye hewa kavu, unatoa maji baridi kweli, na wa Tanga au Dar unapoza kiasi tu, kwa sababu hewa ya pwani imeshajaa unyevu. Uweke kivulini panapopita upepo, na usiwaachie watoto wachote kwa vikombe vyao. Iwepo kata moja yenye mpini mrefu, na mkono usifike kwenye maji.

Maji matupu yakiwachosha, yatie harufu. Vipande vya tango, duara mbili tatu za ndimu na majani ya nanaa kwenye jagi, nusu saa ndani ya friji, basi. Kwetu kinachopendwa zaidi ni mchaichai. Chukua fungu la majani, osha vizuri, katakata, chemsha dakika kumi, chuja, poza, weka kwenye friji. Yanatoka maji ya rangi ya majani mepesi yenye harufu nzuri mno, na hayajaonja sukari. Nilipoanza kuwapa nilikuwa natia kijiko kimoja cha asali kwa jagi zima, kisha nikaacha, na hakuna aliyeuliza.

Kuhusu asali: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe kabisa, hata ya kulamba. Inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtoto mchanga halina uwezo wa kupambana nazo, na sumu yake hulegeza misuli hadi ya kupumulia. Na aliye chini ya miezi sita hahitaji juisi wala maji, hata joto liwe la namna gani. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha. Wewe mama ndiye unywe zaidi na umnyonyeshe mara nyingi zaidi. Najua shinikizo la ndugu linavyokuwa, shangazi anasema mtoto amekauka koo, mpe hata kijiko. Msikilize kwa heshima, kisha mweke mtoto kwenye ziwa.

Kwa wakubwa kidogo, mimi nafuata viwango vya chama cha madaktari wa watoto cha Marekani vya mwaka 2017: chini ya mwaka mmoja hakuna juisi, mwaka mmoja hadi mitatu isizidi mililita 120 kwa siku, miaka minne hadi sita mililita 120 hadi 180, kuanzia saba mililita 240. Hiyo ni juisi halisi ya tunda isiyo na sukari ya kuongeza. Tafuta kikombe kidogo pale kabatini, kijae hicho, mtoto ataona amepewa kikombe kizima.

Kutafuta utamu bila kopo la sukari

Ulimi ukipigwa na ubaridi hauonji utamu sawasawa. Juisi ile ile uliyoionja ikiwa ya kawaida ukaona tamu, ikitoka kwenye friji imeganda kingo unaiona chachu. Hili linaeleza kwa nini vinywaji vya dukani vinavyouzwa vya baridi sana vinabeba sukari nyingi namna ile. Jaribu kunywa soda iliyopoteza ubaridi uone ilivyo tamu ya kukinaisha. Kwa hiyo usigandishe juisi ya mtoto. Iwe ya ubaridi wa kupendeza, na sukari utakayoihitaji itapungua yenyewe.

Msaada wa pili ni viungo. Iliki na mdalasini havina utamu, lakini tumezoea kuvionja kwenye maandazi, vitumbua na uji, na pua ikivinusa mdomo unategemea utamu. Punje mbili za iliki zilizosagwa kwenye lita moja ya juisi ya ubuyu zinatosha.

Msaada mkubwa kuliko yote ni tunda lenyewe kuwa limeiva hasa. Embe dodo au bolibo linukie kwenye kikonyo kabla hujalikata. Nanasi la Kiwangwa livute pumzi yako ukiwa bado mlangoni. Ndizi iwe na madoa meusi, ambayo watoto hawataki kuila hivyo. Wauzaji sokoni, pale Buguruni kwa mfano, jioni wanashusha bei ya matunda yaliyoiva kupita kiasi cha kulala tena, na hayo ndiyo ya juisi. Nunua, osha, menya, kata vipande, gandisha kwenye vyombo vyenye mfuniko. Vipande hivyo vinafanya kazi ya barafu pia, na kinywaji hakizimuliki.

Kisha oanisha chachu na tamu. Pasheni pekee itadai sukari; ichanganye na embe lililoiva, haidai kitu. Pasheni isagwe kwa kubonyeza blenda kidogo na kuachia, mara tatu nne, ili rojo liachane na mbegu bila mbegu kupasuka. Ukiziacha zikasagika utapata juisi yenye chembe nyeusi na uchungu. Rosela, wengine wanaiita choya, inapatana na nanasi. Tikiti maji halihitaji hata maji: kata, toa mbegu, saga, kamulia ndimu, tia nanaa. Hilo ni la siku za joto kali kabisa, maana karibu lote ni maji. Maganda ya nanasi yaliyosuguliwa na kuoshwa vizuri usiyatupe, yachemshe na kipande cha tangawizi na iliki, chuja, poza. Ukitia na kikombe cha juisi ya nanasi lenyewe una jagi zima kwa gharama ya tunda moja.

Na usichuje kila kitu. Embe, ndizi, papai na tikiti vinywewe na rojo lake. Nyuzinyuzi zikitupwa jalalani kinachobaki kwenye glasi ni maji na sukari ya tunda, inayoingia kwenye damu haraka na kumwacha mtoto na njaa muda mfupi baadaye.

Watoto waliozoea utamu mkali hawatabadilika kwa siku moja, na usiwalazimishe. Punguza theluthi ya sukari unayoweka sasa, kaa hapo wiki mbili, punguza tena. Ulimi hujifunza. Baada ya muda watakuwa wao ndio wanaosema juisi ya kwenye sherehe ilikuwa tamu sana.

Ubuyu na ukwaju

Hivi viwili vinastahili maelezo yake, kwa sababu ndivyo vya kwetu hasa, vinapatikana mwaka mzima vikiwa vikavu, na ndivyo tunavyoviharibu zaidi kwa sukari.

Anza na kununua. Ubuyu mwekundu wa pakiti, ule uliopikwa kwa sukari, rangi na viungo, ni peremende. Mtoto anaweza kuupata sikukuu, lakini haufai kuwa msingi wa juisi yake. Tafuta ubuyu mweupe wenye mbegu zake, au unga wa ubuyu ambao haujachanganywa na kitu, wa kutoka mikoa ya kati kama Dodoma na Singida. Unga mzuri una rangi ya maziwa iliyofifia, hauna harufu ya uvundo, na ukiuweka ulimini unachacha mara moja.

Kikombe kimoja cha ubuyu wa mbegu kwa lita moja ya maji. Maji yawe yamechemshwa, kisha yakapoa hadi vuguvugu. Usiuchemshe ubuyu wenyewe. Sifa yake kubwa ni vitamini C, na vitamini C haivumilii moto. Loweka saa moja, fikicha kwa mikono safi au kwa mwiko hadi mbegu ziwe tupu, chuja kwenye chujio la matundu ya kawaida ili rojo lipite. Mbegu zihesabiwe zimeisha zote. Punje moja ya ubuyu inatosha kumpalia mtoto mdogo. Kisha saga rojo hilo na ndizi mbivu mbili na ile iliki. Unapata kinywaji kizito, cheupe, kitamu, na sukari haijaguswa. Ukitaka cha maziwa, tumia mtindi, maana maziwa freshi yakikutana na uchachu wa ubuyu yanakatika na kuonekana kama yameharibika.

Kinywaji hiki nakitoa mchana pamoja na maharage, kunde au mchicha. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na jamii ya kunde mwili huyapokea kwa shida, na vitamini C ikiwepo kwenye mlo huohuo huyapokea vizuri zaidi. Chai hufanya kinyume chake, kwa hiyo chai ya rangi na mlo wa maharage mimi nimevitenganisha kwa watoto.

Ukwaju unavumilia moto. Gramu 200 za ukwaju uliomenywa, lita mbili za maji, chemsha dakika kumi, poza, fikicha, chuja. Badala ya sukari, loweka tende laini kumi kwenye maji ya moto, toa kokwa, saga hadi ziwe uji, changanya. Tende nazo zina sukari, nyingi tu, ila zinaingia na nyuzinyuzi zake na kumi kwa jagi la lita mbili ni kidogo sana ukilinganisha na robo kilo. Wengine huongeza kipande cha tangawizi. Watoto wangu wadogo haiwapendezi, wakubwa wanaipenda.

Ukwaju usilale kwenye sufuria ya alumini. Uchachu wake unakula chuma hicho na ladha inabadilika. Hamishia kwenye jagi la kioo, plastiki nzuri au chombo cha chuma kisichopata kutu. Na glasi moja kwa siku inatosha, kwa sababu ukwaju ukizidi unalegeza tumbo.

Togwa

Kama ningeambiwa nichague kinywaji kimoja cha msimu mzima kwa watoto, ningechagua togwa bila kufikiri mara mbili. Mama mkwe wangu ni mtu wa Songea, na yeye ndiye aliyeniingiza kwenye togwa. Kule kusini na nyanda za juu mtoto anakua nayo. Huku pwani watu wengi wanaifahamu kwa jina tu, au wanaifikiria ni pombe, jambo ambalo si kweli ikinywewa kwa wakati wake.

Ajabu ya togwa ni kwamba utamu wake haujaletwa na mtu. Nafaka inapochipua inatengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga uwe sukari, ili mche upate chakula. Sisi tunavikausha vikiwa na nguvu hiyo, tunasaga, na huo ndio unga wa kimea. Ukiutia kwenye uji wa vuguvugu, uji mzito unalegea mbele ya macho yako na kuwa mwepesi wa kunyweka, na utamu unatokea. Halafu bakteria wa uchachu, ndugu wa wale wa kwenye mtindi, wanaanza kazi yao na kuutia ule ukali mdogo unaoburudisha. Watafiti wa Tanzania waliuchunguza uji huu uliochachushwa miaka ya 1990 na kuona kwamba watoto wadogo waliounywa walikuwa na vijidudu vichache vya kuharisha tumboni. Mama mkwe hakuhitaji utafiti huo, lakini nilifurahi kumsomea.

Kwa kimea tumia ulezi. Mtama uliochipua hujenga sumu ya sianidi kwenye chipukizi zake, kwa hiyo mimi kwa watoto siutumii. Loweka ulezi usiku mmoja, mwaga maji, utandaze kwenye kitambaa chenye unyevu, funika, nyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu vinakuwa vimechipua. Anika juani hadi vikauke kabisa, saga. Ukiona ukungu wowote, wa kijani, mweusi au mweupe wa manyoya, tupa vyote. Sumukuvu haionekani na haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara waliokula mahindi yaliyoharibika. Ukinunua kimea sokoni, kinuse na kiangalie kwa macho mawili.

Kupika: lita tatu za maji, vikombe viwili vya unga wa mahindi. Koroga unga na maji baridi kwanza usifanye madonge, mimina kwenye maji yanayochemka, uive vizuri kwa dakika 20 au zaidi. Epua, acha upoe hadi uweze kuishika sufuria kwa mikono bila kuungua. Ukitia kimea uji ukiwa wa moto sana, moto unaua vile vimeng'enya na togwa inabaki uji. Tia nusu kikombe cha kimea, koroga kwa subira, funika kwa kitambaa safi, iache mahali pa uvuguvugu tangu jioni hadi asubuhi. Kwa joto la Dar saa 12 zinatosha. Chuja, weka kwenye friji. Ukibakiza kikombe kimoja cha togwa nzuri unaweza kukitia kwenye ya safari inayofuata, inachachuka haraka na kwa ladha ileile.

Inywewe siku hiyo na kesho yake ikiwa kwenye friji. Ikikaa nje siku mbili tatu hamira za hewani zinaanza kuigeuza kileo, na hapo siyo ya mtoto tena. Kwa walio chini ya miaka miwili naichemsha tena kidogo baada ya kuchachuka, kisha napoza, kwa sababu kimea kinaingia kikiwa kibichi na mikono mingi imekigusa.

Vingine kwa kifupi

Mtindi uliopigwa na ndizi, au na embe, au na parachichi na tende mbili, ni mlo wa saa kumi. Nunua mtindi usio na sukari, ule wenye ladha za matunda umeshawekwa sukari kiwandani; geuza pakiti usome. Maziwa freshi yachemshwe hata kama muuzaji ni jirani yako.

Dafu ni zuri, lina maji na madini ya potasiamu, na utamu wake ni mdogo. Likatwe mbele yako na mtoto anywe humohumo. Maji ya madafu yaliyojazwa kwenye chupa na kutembezwa juani siyanunui.

Miwa iliyokamuliwa, hata ikiwa na ndimu na tangawizi kama ya Forodhani, ni maji ya sukari. Kipande cha muwa cha kutafuna ni kizuri zaidi kwa mtoto mwenye meno: kinamchukua muda na anapata kidogo.

Lambalamba za nyumbani watoto wanazipenda kuliko kitu chochote, nami sizikatai. Mabaki ya ubuyu na ndizi, mtindi na embe, au tikiti na ndimu, mimina kwenye vikombe vidogo, chomeka kijiti kikianza kuganda, acha usiku mmoja. Watoto wakubwa wapeni kazi yote hii wenyewe. Mtoto aliyetengeneza lambalamba ya ubuyu atawalazimisha wenzake waisifu. Aliye chini ya miaka minne asipewe vipande vya barafu vya kutafuna wala lambalamba ngumu bila mtu mzima karibu.

Shule zikifunguliwa Januari joto bado liko palepale. Kwenye chupa ya shule mimi naweka maji tu. Usiku najaza nusu chupa na kuigandisha ikiwa imelazwa ubavu, asubuhi namalizia na maji ya kawaida, na hadi saa sita mchana bado ni baridi. Juisi freshi, togwa na mtindi havifai kukaa kwenye begi: nje ya friji visizidi saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, saa moja. Kingine ni meno. Mtoto anayebeba chupa ya juisi na kunyonya kidogokidogo mchana kutwa anayaogesha meno yake kwenye sukari na uchachu mchana kutwa. Juisi inywewe mezani, iishe, asukutue kwa maji. Kupiga mswaki kusubiri nusu saa baada ya vitu vichachu kama ukwaju na ndimu. Chupa ya juisi kitandani usiku, hapana.

Mtoto akiharisha au kutapika

Hapa weka pembeni juisi zote nilizozitaja. Sukari nyingi ya juisi huvuta maji zaidi tumboni na kuharisha kunazidi. Dafu nalo halina chumvi ya kutosha kurudisha iliyopotea. Anachohitaji ni ORS, yaani mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, pakiti zinapatikana kila duka la dawa na kila kituo cha afya, pamoja na vidonge vya zinki: miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, au miligramu 10 kwa mtoto wa chini ya miezi sita. Pakiti ikoroge kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake, usipunguze maji ili iwe kali, usiongeze ili itoshe wengi. Ikikaa saa 24 imwage, koroga nyingine. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Kama ni usiku na pakiti hakuna, tengeneza kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu juu. Usikadirie kwa macho, chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Mpe kwa kijiko, kidogokidogo. Akitapika subiri dakika kumi uanze tena taratibu zaidi. Ukimwona analia bila machozi, midomo imekauka, macho au utosi vimebonyea, hajakojoa kwa saa nyingi, amelegea au anashindwa kunywa, mbebe uende kituo cha afya muda huohuo, na njiani uendelee kumpa kijiko kimoja kimoja kama anaweza kumeza.